Mto Ambao Hakuuvuka

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyumba ile haikuwa na jembe, kwa hiyo Bibi akampa yule binti fagio. Binti akalipokea kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhiwa cheti. Akafagia ua, akafagia baraza, akaingia saluni akazoa nywele zote za wiki, akatoka na kuendelea mpaka mbele ya duka la jirani. Mwenye duka akachungulia kuuliza kama kuna mheshimiwa anapita leo.

Tangu siku hiyo akawa wa nyumbani, ila kwa mambo mawili. La kwanza ni majina. Aliambiwa awaite wenyeji wake apendavyo, naye akamwita mwenye nyumba mjomba, na mkewe shangazi. Bibi, mama mzazi wa mwenye nyumba, alikaa kwenye mkeka wake akalitafakari jambo hilo mpaka kichwa kikamuuma.

"Mjomba na shangazi chumba kimoja," akasema. "Hebu mtu anichoree ukoo huu, nife nikiuelewa."

La pili lilikuwa choo. Choo chenyewe kilikuwa uani, kuta za mabati na mlango wa mbao, na kilitumiwa na watu wote wa nyumba pamoja na wateja wa saluni. Binti alikuwa hafungi komeo. Akiingia anaurudishia mlango tu, halafu anaimba, ili anayekuja ajue kuna mtu. Na sauti ya kuimba Mungu alimnyima kabisa. Mama Mapacha, mteja wa tangu zamani, alisema kama kazi ni kuzuia watu, basi wimbo ule ni zaidi ya kufuli.

Mwenye nyumba, Fundi Saa, aliuona mlango ule kama tusi. Ametengeneza saa tangu ujanani, lakini siku hizi watu wanaangalia saa kwenye simu, kwa hiyo kazi yake pale barazani ilikuwa kubadilisha betri na kutoa maoni. Akaamua komeo ni bovu. Akalipaka mafuta. Akalinyoosha. Mwisho akanunua jipya la shaba, akalifunga kwa bisibisi yake ya saa za mkononi, kazi iliyomlia asubuhi nzima na kidole kimoja. Binti akamshukuru sana. Akaingia, akarudishia mlango, akaanza kuimba.

"Huyu mbishi," Fundi Saa akamwambia mkewe.

"Au ana kipaji na sisi hatujui muziki," mkewe akajibu, vidole vikiwa kichwani kwa mteja.

Mkewe ndiye Msusi, mwenye saluni, na ndiye aliyemleta binti. Kamati ya mtaa ilikuwa inatafuta nyumba za kuwapokea vijana waliovuka mpaka peke yao, bila wazazi, wasiendelee kulala kambini na watu wazima wasiowajua. Kwenye mkutano Mama Mapacha alisimama akasema yeye angechukua hata watatu, tatizo ni mapacha. Msusi hakupenda kuzidiwa wema na mtu ambaye hata hajachukua. Akainua mkono. Alipofika nyumbani akakumbuka kwamba hakumuuliza mume.

*

Shida ilianzia kwa Mwoka Mikate, nyumba ya nne upande wa pili. Naye alikuwa na kijana wake wa kamati, mpole, mwenye kucheka peke yake akikanda unga. Kijana akaitwa kwenye mahojiano ya kibali cha kubaki nchini, akaenda, akakataliwa. Walisema maelezo yake hayaaminiki. Gari likaja kumrudisha kambini, mtaa mzima ukasimama kumuaga, yeye amekaa nyuma amekumbatia godoro lake. Na wote walijua: ukisharudishwa kambini umekataliwa, safari inayofuata ni mpakani, na ng'ambo ya mpaka ndiko kulikomkimbiza.

Gari halijapotelea hata konani, simu ya Msusi ikaita. Binti naye anatakiwa wiki ijayo, aje na mlezi wake.

Msusi alikata simu, akamsuka mteja mstari mmoja kwenda mbele na mwingine kwenda nyuma, mpaka mteja akauliza kama hiyo ni fasheni mpya.

Jioni hiyohiyo akaja Msanii. Msanii alikuwa muuza magodoro na mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. Kila kijana aliyepokelewa mtaani alipewa na yeye godoro jipya, bure. Jina la Msanii alilipata kwa sababu zamani aliwahi kushiriki mchezo wa redio. Aliigiza maiti. Wanaoukumbuka wanasema alikufa vizuri sana.

"Shemeji, yule wa kwa Mwoka Mikate maelezo yalikuwa mazuri, nilimpika mwenyewe," akasema huku akivuta kiti. "Tatizo hakulia. Mtu anasimulia mambo mazito na jicho kavu, nani atamwamini? Huyu tumpike mapema."

Basi saluni ikageuka darasa. Msanii akamkalisha binti kwenye kiti cha kuoshea nywele, akamtaka aeleze ilivyokuwa. Binti akasema alikimbia. Msanii akauliza, kabla ya kukimbia? Alikuwa nyumbani. Nyumbani anafanya nini? Hapo binti akaangalia vidole vya miguu yake.

"Nilikuwepo tu."

"Nilikuwepo tu haipati kibali, mwanangu."

Binti hakuongeza neno, kwa hiyo wakamwongezea wao. Msanii akaleta usiku wa mvua na mto uliofurika. Akamfunga binti mtoto mchanga mgongoni, akamshikisha kamba iliyovutwa toka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile. Katikati ya mto kamba inakatika. Mtoto halii. Hapo Msanii alinyamaza kidogo ili watu wapumue. Mama Mapacha, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama, akaomba awekwe mamba. Fundi Saa akasema kutoka barazani kwamba mto wa upana huo, kwa mwendo wa binti huyu anayefagia mpaka kwa majirani, angefika ng'ambo kabla kamba haijapata sababu ya kukatika.

Bibi alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Kisha akauliza, "Mtoto huyo wa nani?"

Kweli, mtoto hakuwa na mwenyewe.

"Wa jirani," Msanii akasema.

"Na jirani yuko wapi?"

"Amekufa."

"Mnaua watu ovyo kwenye saluni hii," Bibi akasema, akaomba kusindikizwa uani.

Baada ya hapo likaja suala la machozi. Binti alikuwa halii. Walimwambia afikirie kitu cha huzuni, akafikiria, uso ukabaki vilevile. Msusi akapata wazo: akafungua kopo la dawa ya kulainisha nywele, ile kali, akampitishia puani. Mama Mapacha akalia. Msanii akalia. Fundi Saa kule barazani akaweka chini saa ya mtu na kupangusa macho. Binti peke yake ndiye aliyekaa na jicho kavu, akawaletea wote maji.

Kila mara Bibi alipotaka kwenda uani, binti ndiye aliyempeleka. Alikuwa anamwachia mkono mlangoni, anasogea pembeni na kungoja, hagongi, hakohoi, hata Bibi akae huko mpaka asahau alichofuata. Hilo Bibi alilipenda kuliko fagio. Siku hiyo alipotoka akamshika bega.

"Mjukuu wangu, mbona wewe hufungi komeo? Mwanangu amejikata kidole kwa ajili ya lile komeo."

"Nikifunga nasikia gari, Bibi."

"Gari gani?"

"Gari tu."

Bibi akaitikia kwa kichwa, wakarudi polepole. Hakumwambia mtu yeyote. Hakuna aliyemuuliza.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na feni iliyogeuza shingo kama mtu anayekataa kila kitu. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Alieleza taratibu kwa sauti ndogo. Yatakayosemwa humu yanabaki humu. Binti ndiye atakayeongea. Mlezi amekuja kumpa binti moyo, na moyo unatolewa kimyakimya.

Msusi akasema ameelewa. Afisa akamwambia huko nako kulikuwa ni kuongea.

Binti akaanza. Akaanza vizuri, kama walivyomfundisha: usiku, mvua, mto umejaa. Msusi alikuwa anamfuata kwa midomo bila kutoa sauti. Binti alipofika kwenye mtoto mgongoni, Afisa akaweka kalamu mezani.

"Kukawa na kamba," Afisa akasema.

"Ndiyo," binti akajibu.

"Imevutwa toka ng'ambo hii mpaka ile."

"Ndiyo."

"Ikakatika katikati. Na mtoto hakulia."

Msusi alishika ukingo wa kiti. Kwa dakika nzima aliamini yuko mbele ya mwanamke mwenye maono, akawa anahesabu dhambi zake zipi zinaonekana. Halafu Afisa akaishika miwani yake kifuani akaifuta kwa kitambaa, taratibu, kama mtu aliyechoka.

"Mtoto huyu nimeshamvusha mto mara nyingi. Mwezi huu alibebwa na kijana kutoka kwa Mwoka Mikate. Kabla yake alibebwa na wengine wawili wa mtaa wenu. Kamba ileile. Ni ajabu hawajanunua nyingine."

Msusi akaliona tena akilini lile gari linakata kona, na kijana amekumbatia godoro. Alitaka aseme kosa ni letu, mama, hawa watoto hawana kosa, lakini moyo unatolewa kimyakimya, akayameza.

Afisa akasimama. Akasema anakwenda kunywa maji. Akirudi atauliza swali moja tu: siku ile wavamizi walipofika kwenu, ulikuwa wapi? Akatoka, akauacha mlango wazi kidogo.

Msusi akageuka. "Mwanangu, ulikuwa wapi?"

Binti akatikisa kichwa.

"Niambie mimi kwanza. Mimi nashika vichwa vya watu, nimesikia yote."

"Ni aibu, shangazi."

Msusi akajiandaa kwa jambo lolote lile baya ambalo binti wa watu anaweza kufanyiwa. Akamshika mkono.

"Nilikuwa chooni," binti akasema.

"Chooni."

"Tumbo la kuendesha. Nilikula sana kwenye harusi ya jirani. Watu wengine walikuwa wanapigana, wengine wameokoa wadogo zao, na mimi nilikuwa chooni. Nitamwambiaje mama mtu mzima kama yule?"

Msusi alitazama feni inavyokataa. Alitaka kucheka na alitaka kulia, akaamua kufanya kazi kwanza.

"Mwambie chooni," akasema. "Hakuna mtu kwenye ofisi hii asiyekwenda."

Afisa akarudi na glasi ya maji, akakaa. Na binti, bila mvua, bila mto, akaeleza. Ilikuwa mchana wa jua. Alikuwa ameingia chooni tangu asubuhi, anatoka anarudi, na mama yake alikuwa anapika uani huku anamcheka. Kila akipita anauliza, wewe, utamaliza lini? Na yeye anajibu kutoka ndani, na bado. Mara ya mwisho mama alicheka kwa nguvu, akasema harusi ijayo utafungwa mdomo. Halafu likasikika gari. Halafu sauti za wanaume, na za watu wa nyumbani kwake, zote pamoja, halafu miguu ikaja mpaka mlango wa choo. Mtu akausukuma. Komeo likashika. Tumbo lake lilichagua saa hiyohiyo kufanya ya kwake, kwa sauti, na yule mtu akamwambia mwenzake humu kuna mgonjwa anakufa mwenyewe, twende. Gari likaondoka.

"Ukatoka," Afisa akasema.

"Hapana. Nilikaa. Sikuweza kulifungua komeo, mkono ulikataa. Kilichonitoa ni maharage. Nilisikia harufu yanaanza kuungua."

"Nje kulikuwa na nani?"

"Hakukuwa na mtu. Sufuria lilikuwa motoni. Nikaliipua."

Afisa aliandika, akasimamisha kalamu. "Kwa nini uliliipua?"

"Mama angenigombeza yakiungua."

"Ukayala?"

"Hapana," binti akasema. "Niliyafunika."

Feni ikageuza shingo huku, ikageuza kule. Afisa alivaa miwani, akaivua tena. Msusi alikuwa analia bila dawa ya nywele, kimyakimya kama alivyoagizwa, na binti, jicho kavu, akamsogezea glasi ya maji ya Afisa.

*

Mtaa ulitaka kujua. Msusi alikuwa ameambiwa ya humo yabaki humo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya saluni ile, jambo likaingia na halikutoka. Wateja walijaribu. Mama Mapacha alikuja kusukwa nywele ambazo hazijafumuka. Msanii akauliza moja kwa moja, mto ulikwendaje? Msusi akasema mto ulipita.

Lakini kwa Mwoka Mikate alikwenda, siku ileile ya mahojiano, hata kanga ya safari hajavua. Alimkuta kwenye tanuri. Akamweleza kwamba amemuuliza Afisa mlangoni, na kijana ana haki ya kukata rufaa, na aende leo kambini kumwambia. Aseme alipokuwa yeye mwenyewe. Mtoto na kamba awaache walikotoka.

Mwoka Mikate akajikuna kwa mkono wenye unga. "Ana yake ya kweli, alishanisimulia. Ila dada, inachekesha."

"Ndiyo hiyo," Msusi akasema.

Majibu yalikawia. Fundi Saa alikuwa anajifanya hayajali, lakini kila simu ya mkewe ikilia alikuwa anaangusha kitu. Ilipolia ile yenyewe, saluni ilikuwa imejaa. Mama Mapacha alikuwa kitini, Msanii alikuwa mlangoni na godoro la kijana mpya anayekuja kesho. Msusi, mikono yote ina mafuta, akaibonyeza simu kwa kiwiko na sauti ikatoka kubwa kwa wote. Ilikuwa ile sauti ndogo ya Afisa. Ikasema kibali kimetoka, binti anabaki. Ikasema pia kwamba rufaa ya yule kijana wa mikate itasikilizwa. Ikaomba radhi kwa kuchelewa.

Watu wakakumbatiana mpaka Mama Mapacha akaacha nusu ya rasta zake kwenye shati la Msanii. Msanii mwenyewe alikuwa analia kabisa, machozi ya ukweli, yale aliyoyatafuta siku zote.

"Ni ule mto," akasema. "Nilijua tu. Ule mto haujawahi kuniangusha."

Msusi aling'ata kitana. Maneno yalimjaa mpaka masikioni, na yalikuwa matamu, lakini hayakuwa yake kuyatoa. Akakitoa kitana mdomoni.

"Shemeji, wewe ni mtu mwema sana," akasema. "Huyu anayekuja kesho, mpe godoro. Hadithi anakuja nayo."

Msanii akamtazama Msusi usoni. Akaliegemea godoro, akauliza basi angalau kwenye kulia, ushauri unaruhusiwa? Fundi Saa akamwambia hapana.

Ndipo mtu akauliza, mwenyewe yuko wapi? Hakuwepo jikoni. Fagio lilikuwa limeegemezwa ukutani. Fundi Saa akasema chooni hayupo, hajasikia wimbo. Bibi, ambaye habari zote kwake hufika kwa kuchelewa lakini hufika, alishachukua fimbo yake anatoka kwenda uani. Alikuwa na haraka. Alikuwa na haja yake mwenyewe, na alikuwa na habari ya kupasua, na miguu haikumsaidia katika yote mawili. Akafika kwenye ule mlango wa mbao, akaupiga kwa fimbo.

"Wewe," akaita. "Utamaliza lini?"

Ndani ya saluni Msusi aliganda, vidole vimezama kwenye nywele za Mama Mapacha. Alitaka kukimbia amzibe Bibi mdomo. Uani kukawa kimya, kimya kirefu, hata Msanii akahisi kuna jambo na asijue ni jambo gani.

Halafu kutoka nyuma ya yale mabati ikaja sauti, kwanza ndogo, halafu ikashindwa kujizuia ikawa kicheko kizima, kibaya kama ule wimbo.

"Na bado, Bibi."

"Na bado nini, mimi nakufa huku nje na habari yako ninayo mdomoni."

Fundi Saa akainua kidole watu wanyamaze. Sikio lake limezoea vyuma vidogo, na ndiye aliyesikia wa kwanza: ka, shaba juu ya shaba, lile komeo lake linafunguliwa.